Testa ya Mfuko wa Shati

Tangu mjukuu wake aanze kutembea, Fundi hakuwa na kiti. Viti vilikuwepo sebuleni, pamoja na sofa la kuzama mpaka mabega, lakini kila alipokalia kimoja, kabla hakijapata joto alishainuka kwenda kuangalia kitu. Anaangalia waya wa friji, anarudi. Anakwenda tena kuangalia kama waya wa friji bado uko pale alipouacha. Mkewe, ambaye alikuwa mfumaji wa masweta na mtu wa kukaa sehemu moja kutwa, alisema nyumba yake imegeuka lindo, na mlinzi mwenyewe halali wala hafukuziki.

Fundi alikuwa fundi umeme. Alianza kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu kabla hajaota ndevu, na sasa ndevu zilikuwa nyeupe. Hakuna aliyemwita kwa jina. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata mkewe, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo hivyo. Nyumbani kwake, lakini, kwa miaka mingi umeme ulikuwa wa kuonewa haya: soketi ya jikoni ilining'inia kwa nyaya zake, waya wa redio ulikuwa umezungushwa tepu mpaka ukanenepa, na swichi ya bafuni ilitaka kubonyezwa kwa adabu. Kila mara alisema atatengeneza Jumapili. Jumapili zilikuja nyingi.

Aliyeileta hiyo Jumapili ni mjukuu. Alikuwa wa kike, mfupi kuliko meza, na walimwita Mkaguzi kwa sababu hakuna alichokipita bila kukikagua. Alikuwa anashika, anatikisa, kisha anaonja, na akishaonja ndipo anaamua kama kitu hicho kinafaa kutupwa. Hakuwa mtundu wa makelele. Ukimsikia analia ulijua yuko salama. Akinyamaza ndipo ulipotakiwa kukimbia.

Mama yake, binti pekee wa Fundi, alikuwa nesi katika wodi ya watoto walioungua. Aliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi alimwacha mtoto kwa mlezi mmoja mtaa wa pili. Siku moja alipokwenda kumchukua alikuta televisheni imelala kifudifudi sakafuni, kioo chini, na Mkaguzi amekaa kando yake ameshika waya. Haikumgusa hata unywele. Nesi hakugombana na mtu. Alimbeba mtoto wake, akaja moja kwa moja kwa wazazi wake, akaketi sebuleni na sare yake ya kazi.

"Baba, wewe ndiye unayeyajua haya mambo," alisema. "Nikiwa wodini nafunga bandeji vidole vya watoto wa watu, nataka akili yangu iwe pale. Siwezi kufunga huku namuwaza wa kwangu."

"Mlete, mama."

"Nisikilize kwanza. Nikisikia jambo, hata nusu ya jambo, naacha kazi nakaa na mwanangu. Sitamlaumu mtu. Naacha tu."

Binti yake hakuwa mtu wa kutishia. Hata utotoni akisema hali, hali kweli, mpaka mkono wa mama yake uchoke kushika kijiko. Na ile kazi aliitafuta kwa jasho. Mitihani alirudia, akisomea kwenye meza ile ile ya sebuleni, chini ya taa aliyofungiwa na baba yake hapo hapo ili asiumie macho. Sasa watu walimfuata sokoni na njiani kumshukuru kwa vidole vya watoto wao. Fundi alikuwa akisikia hayo anajifanya anatazama pembeni, kumbe kifua kimejaa.

"Hutasikia kitu," alimwambia, na raha yake ikaishia hapo.

Kesho yake nyumba ilianza kupanda juu. Televisheni alikuwa ameipigilia ukutani kwa bolti za kubebea tanki la maji kabla chai haijapoa. Redio ilikwenda juu ya kabati la nguo, na ukitaka kubadilisha kituo ilikubidi upande kitanda. Pasi ilining'inia kwenye ndoano karibu na dari. Birika la umeme, chaja, feni ya mezani ambayo sasa haikuwa ya mezani tena, vyote vilipata makao mapya huko huko juu, kwenye rafu ambazo zamani zilikuwa za mkewe. Vitu vya mkewe vikashushwa ili kupisha. Bibi alikuwa mfupi, na kwa muda wa wiki alichemsha maji akiwa juu ya stuli.

"Umemkinga mtoto," alimwambia mumewe, "sasa nani atanikinga mimi nisianguke?"

"Wewe una akili, utashika ukuta."

"Nashika birika."

Kisha Fundi alishuka chini kwa tumbo. Alikuwa na kanuni yake ya kazi: hutandazi waya mahali ambapo hujafika kwa macho. Kwa hiyo alitambaa, chumba kwa chumba, shavu likigusa sakafu, ili aione nyumba kama anavyoiona Mkaguzi. Aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Aliona nyaya zilizolegea chini ya kuta, chini ya kitanda akaokota vifungo vitatu vya mashati yake mwenyewe, na nyuma ya friji akakuta ncha ya waya uliochunika kiasi cha kumfanya atokwe na kijasho chembamba. Mkaguzi alitambaa nyuma yake akicheka, akidhani babu naye ameanza kujifunza kutembea. Jirani aliyekuja kuazima ngazi alichungulia dirishani, akamwona mzee mzima anatambaa uvunguni mwa meza, akaondoka kimya kimya bila ngazi.

Soketi zote za nyumba alizifunika kwa vifuniko vya mbao, akakaza skrubu. Ni moja tu aliyoiacha ifunguke, ile ya sebuleni karibu na mlango, kwa sababu nyumba haiwezi kukaa bila tundu hata moja la kufikika. Hiyo aliitengenezea kifuniko cha bawaba chenye kikomeo cha pekee: ubonyeze kwa kidole huku ukisukuma pembeni, vyote kwa pamoja, la sivyo hakifunguki. Alikijaribu na kukijaribu. Bibi kilimshinda kabisa. Akitaka kuchaji simu alilazimika kumwita mumewe, naye Fundi alikuwa anakwenda kukifungua kwa madaha, kama anayefungua sanduku la benki. Alifunga pia breka mpya ya kukata umeme haraka, ingawa hakuiamini sana, maana katika kazi yake alishakutana na breka zilizosinzia siku ya kazi.

Na bado hakutulia. Kulikuwa na siku ya betri. Rimoti ya feni ilikuwa na betri ndogo ya duara, bapa, kama kifungo cha koti, na mchana mmoja Bibi aliikuta rimoti iko wazi na betri haipo. Binti yao alishawaambia habari za betri hizo, kwamba mtoto akiimeza inamchoma koo kwa ndani wakati wewe unadhani ana mafua. Fundi alimpanua Mkaguzi mdomo kwa vidole viwili, aking'atwa. Bibi alikung'uta mabonge ya sufu moja moja. Waliipata kwenye kiatu cha Fundi cha kazini, mahali ambapo Mkaguzi alikuwa anaweka mali zake: kifuniko cha chupa, ganda la limau, na betri. Fundi alikaa chini pale pale mlangoni. Jioni hiyo rimoti zote zilizungushwa tepu ya umeme mpaka vitufe vikawa havibonyezeki, na feni ikawa ya kuwashwa na mtu mrefu.

Hiyo haikuwa hata nusu ya jambo, walikubaliana mume na mke. Betri ilipatikana. Nesi hakuambiwa.

Umeme wa mtaa ule, sasa, ulikuwa na tabia zake. Ulikatika bila kuaga na kurudi bila kubisha. Watu wengine wakitaka kujua kama umerudi huwasha taa. Fundi hakuwasha taa. Alikuwa na testa kwenye mfuko wa shati, kile kibisibisi chembamba chenye kitaa ndani ya mpini, ambacho ukikichomeka kwenye tundu lenye umeme na kuweka kidole gumba juu yake, kitaa kinawaka chekundu. Ilikuwa mfukoni humo tangu ujana. Mashati yake yote yalitoboka sehemu moja. Umeme ukikatika hakuweza kukaa. Kila baada ya kitambo alikwenda kwenye soketi ya sebuleni, akabonyeza na kusukuma, akachomeka, akatazama, akarudi. Ukiwa umerudi alisema, "Umerudi," kwa sauti ya mtu aliyeurudisha yeye.

Mkaguzi aliupenda mchezo huo kuliko michezo yote. Alikimbilia magotini pa babu, akachuchumaa pembeni na kutoa macho. Kitaa kikiwaka alipiga makofi. Siku nyingine Fundi alimwinua akae kwenye paja lake ili aone vizuri, na neno la pili alilolijua duniani, baada ya mama, lilikuwa "umeudi." Fundi alilisimulia jambo hilo kwa mafundi wenzake mpaka wakachoka.

"Mke mwenzangu atakuwa fundi," Bibi alisema, akimtania mtoto, huku sindano zake za kufumia zikigongana.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Bibi alitoka kwenda kupeleka sweta kwa mteja, barabara ya pili tu, akasema anarudi sasa hivi. Fundi alibaki na Mkaguzi aliyekuwa amelala kwenye mkeka. Alimtazama. Akaenda kuangalia friji, akarudi, akamtazama. Alikuwa na kiu. Akaingia jikoni kuchota maji, akanywa kikombe kimoja akiwa amesimama, na alipokitua kikombe alisikia kitu alichokifahamu vizuri kuliko sauti yake mwenyewe: mlio mdogo wa kikomeo, ta, kile cha kubonyeza na kusukuma kwa pamoja.

Alipofika mlangoni pa sebule alimwona Mkaguzi amechuchumaa mbele ya soketi. Kifuniko kilikuwa wazi. Mkononi alikuwa na sindano ya kufumia ya Bibi, ya chuma, ndefu, nayo aliitoa kwenye kikapu cha sufu kilichokuwa sakafuni kando ya sofa. Kikapu hicho zamani kilikaa rafu ya juu. Fundi mwenyewe ndiye aliyekishusha, ili birika lipate nafasi.

Ncha ya sindano ilikuwa tayari ndani ya tundu. Na kidole gumba cha Mkaguzi kilikuwa juu ya kichwa cha sindano, kimelala sawasawa, kama kilivyotakiwa kulala. Alikuwa ameinamisha shingo upande anatafuta kitaa chekundu, midomo ameibana vile babu anavyoibana.

Fundi hakupiga kelele. Sijui alivukaje sebule ile. Meza aliiangusha, hilo najua, maana mguu mmoja wa meza hiyo ulivunjika na mpaka leo umefungwa kamba. Alimnyakua mtoto pale chini kwa mkono mmoja, sindano ikaruka, ikagonga ukuta na kuviringika. Akasimama naye katikati ya chumba, amemkumbatia kiasi kwamba mtoto alianza kusukuma kifua chake apate pumzi.

Hapo friji ikaanza kunguruma jikoni. Juu ya kabati redio ikaendelea na habari zake katikati ya sentensi. Mkaguzi aliacha kusukuma. Alisikiliza, uso ukamchangamka, akamtazama babu yake machoni.

"Umeudi," alimwambia.

Mkewe aliporudi alimkuta mumewe ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye ile soketi kama anayeziba bomba, mtoto yuko mapajani anachezea kifungo. Aliiona meza, akaiona sindano yake chini ya dirisha, akaiokota. Akasimama nayo.

"Ilikuwa umeme haupo," Fundi alisema.

"Haupo wakati gani?"

"Wakati huo."

Bibi alikaa. Alikikusanya kikapu chake chote, sufu na sindano, akakiweka juu ya kichwa cha kabati pamoja na redio, akipanda kitanda na kushuka bila kusaidiwa. Halafu akasema kile ambacho wote wawili walikuwa wanakizunguka.

"Hakuna aliyeona isipokuwa wewe. Mimi sikuwepo. Binti yako akisikia hii, kesho hana kazi."

"Najua."

"Basi usiniulize mimi cha kufanya."

Mchana uliobaki Fundi aliuzunguka kwa miguu. Aliipiga skrubu ile soketi ya mwisho, nyumba ikabaki bila tundu. Aliing'oa tena skrubu, akairudisha. Alijiambia kuwa breka ingekata. Alijiambia kuwa kazi imekwisha sasa, soketi imefungwa, kikapu kiko juu, hatari ya leo si ya kesho, na kwa nini mama wa mtoto aliyeshapona apelekewe maumivu wodini. Yote yalikuwa kweli. Lakini kila alipofika mwisho wa hesabu hiyo aliona kidole gumba kile, kilivyolala. Vifuniko alivitengeneza kwa mkono wake. Na kikomeo mtoto hakukibahatisha. Alifundishwa, siku baada ya siku, kwenye paja, kwa makofi.

Nesi alifika jioni, viatu mkononi kwa uchovu. Alimbusu mwanawe, akampapasa vidole kimoja kimoja kama alivyozoea, kisha akamtazama baba yake.

"Baba, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama, baba."

Fundi alijitazama, akakuta ni kweli. Akakaa. Akamweleza, tangu kikombe cha maji hadi friji. Hakupunguza sindano wala hakuongeza breka. Pale pa kidole gumba alionyesha kwa kidole chake mwenyewe. Akaongeza na habari ya betri, maana alishafungua mdomo.

Binti alimpakata mwanawe. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, vile wanavyolia watu waliozoea kulia kazini. "Leo nimepokea mmoja," alisema mwishowe. "Umri huo huo. Msumari." Aliuliza tu, "Nani alimfundisha kuweka gumba?"

"Mimi."

Asubuhi iliyofuata Nesi hakwenda kazini. Alipiga simu akasema ana dharura, akaketi kwenye sofa bila sare, akatazama. Fundi aliona mkewe anafuma kwa makosa na kufumua. Alingojea kusikia neno la kuacha kazi na hakulisikia, na hilo lilimchosha kuliko kulisikia. Nesi alikuwa akimfuatilia yeye, si mtoto. Alimwona anakwenda kuangalia waya wa friji, na Mkaguzi nyuma yake, mikono mgongoni vile vile. Alimwona anagonga kioo cha breka kwa ukucha, na Mkaguzi anagonga ukuta kwa ukucha. Saa ya chakula umeme ukakatika. Fundi aliinuka kabla hajajua ameinuka, mkono uko mfukoni, na mtoto tayari yuko mbele ya kile kifuniko, amechuchumaa, anamngoja.

Nesi aliinuka naye. Alikuja akasimama mbele ya baba yake, akanyoosha kiganja.

"Lete."

Fundi hakuelewa. Kisha akaelewa. Aliitoa testa, mpini wake ukiwa umelika kwa miaka ya kidole chake, akaiweka kwenye kiganja hicho. Shati lililegea upande huo.

"Ukienda kazini kwa watu nitakupa," alisema binti. "Ukiwa na huyu, inakaa kwangu."

"Na umeme ukikatika?"

"Utawasha taa, baba. Kama sisi wengine."

Siku ya pili yake alivaa sare. Mlangoni alimpa mama yake mtoto, akaichomeka testa kwenye mfuko wa kifuani, kati ya kalamu na kipimajoto, akaondoka bila kugeuka nyuma. Fundi alisimama dirishani mpaka alipopotea kwenye kona.

Kabla ya adhuhuri umeme ulikatika. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakuta tundu la kitambaa. Mkaguzi alishafika magotini pake. Alimpanda, akatumbukiza vidole mfukoni humo, akavitoa vitupu, akamwonyesha. Fundi alibonyeza swichi ya taa, akavuta kiti, akakikalia. Akampakata. Miguu yake ilikuwa inacheza chini na alitaka sana kwenda kuangalia waya wa friji, lakini alijua nani angemfuata. Alinyanyua kidole kuonyesha balbu, na mtoto akainua uso.

Wakakaa hivyo, wawili, shingo zimewauma, wakitazama dari.